Kununua mtumbwi wa kale wa mbao na turubai, na kusafiri nao

Mimi ni mtoto wa Pangani, na kosa langu la kwanza lilitokana na hilo. Siku niliyoutia majini mtumbwi wangu wa turubai, kwenye ziwa moja la Ontario, niliurudisha ufukoni kwa kasi, nikaruka, nikaushika omo na kuuburuta mchangani kama tunavyoburuta ngalawa. Chini ya mchanga palikuwa na jiwe. Nikasikia sauti kama ya kanga inayochanwa pindo. Mzee aliyeniuzia alikuwa amesimama palepale, mikono mfukoni. Hakusema neno, alikwenda garini kwake akarudi na kichupa cha gundi.

Ngalawa unaiburuta kwa sababu chini yake ni gogo. Huu si gogo, na ukishaelewa ulivyoundwa, mengine yote yaliyomo humu, kuanzia bei mpaka namna ya kushuka ufukoni, utayaona yanajileta yenyewe. Nawaandikia hasa ndugu waliohamia Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambao wanaiona mitumbwi hii imelala kwenye mabanda ya majirani na hawajui waanzie wapi.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Mitumbwi hii ilizaliwa jimbo la Maine, Marekani, katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Wapenobscot, wenyeji asilia wa huko, na jirani zao walikuwa wakiunda mitumbwi ya magome ya mti wa mbetula (birch) tangu enzi za mababu. Mafundi wa kizungu walilichukua umbo lilelile, wakaacha magome, wakalivika turubai. Evan Gerrish wa Bangor alikuwa akiiuza tangu miaka ya 1870. Baadaye vikaja viwanda: White, Morris na Old Town huko Maine, na upande wa Kanada Chestnut ya Fredericton na Peterborough Canoe Company ya mji wa Peterborough. Peterborough ilifungwa 1961, Chestnut ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1970. Mitumbwi mingi ya kale utakayoikuta ikiuzwa imetoka kwenye viwanda hivyo au kwa mafundi walioviiga.

Sasa ule uundaji wenyewe. Mataruma, yaani mbavu za chombo, ni ya mwerezi, unene kama milimita 8. Hupikwa kwa mvuke mpaka yalegee, kisha hupindwa juu ya kalibu yenye mikanda ya chuma. Juu yake hupigiliwa mbao za mwerezi nyembamba ajabu, karibu milimita 4 tu, kwa vimisumari vya shaba ya njano. Msumari ukipenya ndani hukutana na chuma alichoshika fundi, ncha yake ikajikunja na kurudi kwenye mti kama ndoana. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ya gundi, maana gundi yenyewe hakuna. Kisha turubai la pamba huvutwa juu ya gamba zima, likasuguliwa uji wa mafuta ya kitani na unga laini wa silika mpaka nyuzi zizibe, halafu likapakwa rangi.

Fundi wa mashua wa pwani ataangalia ndani ya mtumbwi huu, aone mwanga unapenya kati ya mbao, aulize: kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, iko wapi? Haipo. Mbao hazikuwekwa kuzuia maji, zimewekwa kushikilia umbo. Kinachozuia maji ni turubai peke yake. Kwa hiyo turubai likichoka huvuliwa na kuvikwa jingine, kama kanzu, na mtumbwi uliotunzwa vizuri hubadilishiwa mara kadhaa katika uhai wake. Unaponunua, basi, usidanganywe na rangi ya nje. Unanunua mbao.

Hatua ya 2: Chagua umbo la safari

Kwa watu wawili na mizigo ya wiki moja, tafuta urefu wa futi 16 au 17. Futi 18 na kuendelea ni ya waongozaji waliobeba wageni na mahema mazito. Majini ni raha, mabegani ni adhabu. Kina cha katikati kiwe inchi 12 au zaidi, ili wimbi lisikurukie ukishapakia.

Epuka, hata ukiuona mzuri kama bibi harusi, mtumbwi wenye visitaha virefu omo na tezi na nakshi za mahogani. Hiyo ilitengenezwa kwa vijana wa mjini kutembeza wachumba jioni ya Jumapili. Chini ni bapa, juu ni mzito, na bei yake ni ya watu wanaotundika vitu ukutani.

Mkuku wa nje, yaani mti mrefu unaopita chini ya tumbo, wengine wanaupenda kwa sababu husaidia kwenda sawa kwenye upepo. Mimi siutaki. Hukwama kwenye mawe, na kila skrubu yake ni tundu kwenye turubai.

Jina utakalolisikia zaidi ni Prospector ya Chestnut: kina kirefu, ncha zilizoinuka kidogo, hugeuka upesi na hubeba sana. Bill Mason, mtengenezaji filamu wa Kanada, aliupenda na kuutangaza mpaka leo kila kiwanda kina “Prospector” yake. Muuzaji akikutajia jina hilo, usiongeze bei kabla hujaona kibandiko cha Chestnut kwenye kisitaha. Na hata usipokipata, mtumbwi wa Old Town uliokaa vizuri utakufikisha kulekule.

Old Town wana jambo moja la pekee. Kwenye ule mti uliopindwa wa nchani, ndani, sakafuni, pamegongwa namba, ikifuatiwa na urefu kwa futi. Kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa, na chama cha Wooden Canoe Heritage Association, kilichoanzishwa 1979, kinasaidia watu kuzisoma: aina ya mtumbwi, mbao zilizotumika, rangi, siku ulipotoka na mji ulikopelekwa. Kadi ya wangu inasema ulitoka kijani. Mimi niliukuta mwekundu, na chini ya mwekundu palikuwa na buluu.

Hatua ya 3: Kagua, na uanzie nchani

Nenda na tochi, bisibisi ndogo, futi kamba na uzi mrefu. Nenda mchana. Omba utolewe bandani. Muuzaji akikataa kuusogeza, jiulize kwa nini.

Anza na ncha mbili. Watu wengi hulaza mtumbwi kifudifudi moja kwa moja juu ya udongo, na zinazogusa unyevu ni zile ncha: kichwa cha mti wa nchani, miisho ya kingo za ndani, na kisitaha. Bonyeza kwa bisibisi, taratibu. Mti mzima unakataa. Uliooza unapokea bisibisi kama boga lililoiva linavyopokea kijiko. Sentimita chache za uozo si msiba, fundi huunga kipande kipya. Lakini uozo ukiwa umeshuka mpaka mbao zinapopigiliwa kwenye mti wa nchani, hapo unanunua kazi ya miezi.

Halafu umbo. Upindue, funga uzi kutoka ncha hadi ncha juu ya tumbo lake, kisha chuchumaa utazame. Mstari wa chini uwe sawa, au uinuke kidogo kuelekea ncha. Ukiona katikati pameingia ndani, kama kitanda cha kamba kilicholegea, uache. Taruma lililovunjika hubadilishwa. Mtumbwi uliopoteza umbo ni vigumu kuurudisha.

Hesabu mataruma yenye ufa. Manne au matano yaliyotawanyika si kitu. Safu ya nyufa kwenye mstari mmoja inakwambia uliangushwa, au uligonga jiwe ukiwa na mzigo. Angalia pia skrubu na misumari kwenye kingo: kama kuna ya chuma, mti unaoizunguka huwa mweusi na laini, na weusi huo husambaa.

Turubai liangalie mwisho. Rangi iliyopasuka kama tope la kiangazi maana yake uji umezeeka. Chungulia chini ya ukingo wa nje, palipo na pindo la turubai, ulivute kwa kidole. Likikatika kama karatasi ya gazeti, muda wake umekwisha. Hilo ni la kupunguzia bei, si la kukukimbiza.

La kukukimbiza ni faibaglasi. Kuanzia miaka ya 1950 na 60 wengi walichoka kubadilisha turubai, wakalivua na kuvisha mtumbwi faibaglasi. Mbao zinapumua, zinavimba na kunywea. Faibaglasi haifanyi hivyo, kwa hiyo unyevu hubaki katikati na mbao huoza kimyakimya. Gonga kwa kidole: turubai hulia kwa sauti nzito ya ngoma iliyolowa, faibaglasi hulia kikavu kama sahani. Inaweza kuondolewa kwa kuipasha moto kidogokidogo, lakini ikiwa walitumia gundi ya epoksi itang’oka na vipande vya mwerezi. Waachie wenye subira ya Ayubu.

Mwisho simama juu ya mizani ya bafuni, peke yako, kisha ukiwa umeubeba. Wa futi 16 ukiwa mkavu uwe kati ya kilo 30 na 37. Ukizidi sana hapo, ama una maji mbaoni ama una tabaka za rangi za watu watatu waliotangulia.

Hatua ya 4: Bei

Fupi tu. Uliza fundi wa karibu anatoza kiasi gani kuvika turubai jipya na kubadilisha taruma moja, *kabla* ya kwenda kuangalia. Mara nyingi kazi yake inazidi bei ya mtumbwi wenyewe. Ukiwa na takwimu hizo mbili mfukoni, majadiliano yanakuwa ya kistaarabu: “Mzee, mataruma matano, turubai, na ncha ya nyuma.” Huna haja ya kuponda mali ya mtu. Wazee wanaouza hivi vyombo wamewapandisha watoto wao humo, na wengi wanapunguza bei wakijua unakwenda kuutumia.

Hatua ya 5: Uandae

Osha, anika kivulini wiki nzima, tazama tena. Ukitaka kukwangua vanishi au rangi, chukulia kwamba ina madini ya risasi, maana rangi za zamani zilikuwa nayo na uji wa zamani wa turubai vilevile. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi inayofaa, watoto wasiwepo, na vumbi lisiingie ndani ya nyumba. Ndani paka vanishi ya vyombo vya baharini, tabaka mbili nyembamba. Vanishi ya sakafu itapasuka msimu wa kwanza.

Turubai likiwa bado zima, rangi nyembamba mara moja inatosha. Kila kopo la rangi utalibeba kichwani msituni.

Likihitaji kubadilishwa, jifunze kwa kumsaidia anayejua. Turubai namba 10 (namba ni kipimo cha uzito wake) hutundikwa kati ya nguzo mbili kama machela, mtumbwi ukalazwa ndani yake, ukakandamizwa chini huku turubai likivutwa kwa nguvu kutoka pande zote mbili, kisha likapigiliwa kwenye kila taruma, chini kidogo ya ukingo. Baada ya hapo uji unasuguliwa kwa mkono wenye glovu ya turubai, tabaka baada ya tabaka, mpaka nyuzi zisionekane. Ukishamaliza unasubiri wiki nne hadi sita ukauke. Hapa ndipo wageni wanaposhindwa: wanapaka rangi wiki ya pili, na rangi inakunjamana yote.

Tahadhari moja isiyo na mzaha: matambara yenye mafuta ya kitani hujiwasha yenyewe yakirundikwa. Yatandaze nje yakauke bapa, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Karakana nyingi zimeungua kwa kitambara kilichosahauliwa kwenye kona.

Kuna ujanja mmoja wa kambi za zamani ninaoupenda: chini, mpaka usawa wa maji, paka shelaki, aina ya vanishi. Inateleza juu ya mawe, na ikikwaruzwa unapaka nyingine palepale ufukoni. Inakauka wakati chai inachemka.

Hatua ya 6: Majini

Kanuni ya kwanza nimeshaieleza kwa turubai langu mwenyewe: mtumbwi huu haugusi nchi ukiwa na mzigo. Unapakia ukielea. Unashuka ukielea. Maana yake unaingia majini mpaka magotini, hata Mei maji yakiwa ya kuuma mifupa, wakati wenzako wenye mitumbwi ya plastiki wanapanda ufukoni kwa kishindo na soksi kavu. Nunua viatu vya kulowana, uache kuhesabu soksi.

Safari yangu ya kwanza ndefu nilikwenda hifadhi ya Algonquin, Ontario, na jirani yangu, mtu wa Uvira aliyekulia juu ya Ziwa Tanganyika. Nusu saa tangu tuondoke alipiga kelele: “Kaka, maji inaingia!” Kweli palikuwa na kidimbwi cha kikombe kimoja miguuni pake. Nikamwambia asubiri. Pindo la turubai nchani lilikuwa limekauka bandani, na mbao hazijanywa maji bado. Kesho yake kidimbwi kikawa cha kijiko. Maji ya kikombe kwa siku ni ya kawaida. Sponji kubwa inatosha. Maji yanayorudi upesi kuliko unavyoyafuta ni tundu, shuka ulitafute.

Piga magoti unapopiga kafi kwenye mawimbi, makalio yakiegemea ukingo wa kiti. Mzigo mzito ukae katikati na chini, juu ya vijiti vichache vilivyolazwa sakafuni ili mifuko isilale kwenye unyevu. Usikanyage kati ya mataruma kwa kisigino. Mguu uwe bapa, juu ya mataruma mawili. Jaketi la kuokolea kila mtu, kamba ya mita 15 inayoelea na filimbi. Ndivyo sheria ya Kanada inavyotaka. Algonquin utahitaji kibali, na ndani kabisa ya hifadhi makopo na chupa za glasi haziruhusiwi.

Hatua ya 7: Kuubeba

Kati ya ziwa na ziwa kuna njia za msituni, mita mia moja au kilomita mbili, na hapo chombo kinampanda mwenye chombo. Simama katikati, pembeni mwake. Uinue ulale mapajani mwako, tumbo lake likikuelekea. Mkono mmoja ushike nira, yaani ule mti wa katikati unaokingama, mwingine ushike ukingo wa mbali. Sukuma kwa goti, geuza, ingiza kichwa. Ukijaribu kwa nguvu za mikono utaanguka nao. Ni mapigo, si misuli.

Kama nira haina vibao vya mabega, funga makafi mawili kwa urefu, mapana yake yakalie mabegani. Kisha ongeza ukanda wa kichwani. Hapa tumetangulia: ni mkwa uleule akina mama wa Nyeri wanaobebea kuni. Unapita juu ya utosi, karibu na nywele za mbele, na shingo inabeba kilo ambazo mabega yangelia nazo. Urekebishe mpaka uweze kuhamisha uzito kutoka kichwani kwenda mabegani kwa kutikisa kidevu tu. Siku ya nne mtumbwi utakuwa umenywa maji na kuongezeka kilo kadhaa. Si wewe uliyechoka, au si wewe peke yako.

Hatua ya 8: Kiraka

Mfuko wangu wa dharura una kipande cha turubai, gundi isiyoogopa maji, selotepu pana ya kijivu, vimisumari vya shaba, kichupa cha shelaki na wembe. Kwa mpasuko: kausha vizuri, hata kwa kuusogeza karibu na moto (si juu yake). Kata kiraka chenye kona za mviringo, kikubwa kuliko mpasuko kwa vidole viwili kila upande. Paka gundi, kiingize *chini* ya turubai kwa ncha ya wembe iliyofunikwa, juu ya mbao. Laza midomo ya mpasuko juu yake, bana kwa kiganja, paka gundi tena juu. Ukiwa na haraka, selotepu itakufikisha nyumbani. Kiraka cha yule mzee pale ufukoni kilikuwa cha gundi, na bado kipo chini ya rangi. Ukipitisha kidole unakisikia.

Jioni, na majira ya baridi

Kila jioni utoe majini, upindue, ulaze juu ya magogo mawili, uufunge kamba. Upepo wa usiku umeshapeleka mitumbwi mingi ziwani bila wenyewe. Makafi yatundike juu: nungunungu wa huko hufuata chumvi ya jasho, na atakutafunia mpini, hata ukingo, mpaka asubuhi.

Ukirudi nyumbani, ulaze vilevile kifudifudi, juu ya vihimili viwili, chini ya paa, hewa ipite, mbali na hita. Usiufunge kwa nailoni ya plastiki, utatoa jasho na kuoza. Theluji isiukalie.

Mwezi wa nne ukiufunua utaona mwanga mwembamba umejipanga kati ya mbao, mstari baada ya mstari, kama mlango wa makuti. Jirani yangu wa Uvira alipouona alikimbilia kutafuta pamba. Mwambie mwenzako aache. Utie majini asubuhi, ufungwe kwenye gati, urudi jioni na sponji.